Vita Havikutuua, Sigara Isituue

(Muziki wa kipindi unaingia, kisha unashuka.)

MTANGAZAJI: Leo tunazungumza juu ya sigara na tumbaku. Tuko Gatete, Rumonge, pamoja na mzee mmoja aliyekuwa mvuvi upande wa Uvira, na sasa ni mhamasishaji wa afya. Alivuta sigara miaka 26, na ameacha. Mzee wetu, karibu.

MZEE: Asante, mwanangu. Ndugu zangu, nawasalimu nyote.

Mimi nilianza kuvuta nikiwa kijana, kwenye mtumbwi. Wavuvi wa dagaa mnajua: kazi ni ya usiku, taa zinawaka juu ya maji, baridi inaingia, usingizi unakuja. Mwenzangu alinipa sigara akaniambia, "Hii itakuamsha." Moja ikawa mbili. Nilipofika miaka arobaini nilikuwa ninavuta hata kumi na tano kwa siku.

Desemba 2025, vita vilipofika Uvira, tulivuka ziwa na jamaa yangu. Tulifika huku na nguo za mwilini na sufuria moja. Lakini mfukoni nilikuwa na pakiti ya sigara. Ilipokwisha, nilianza kuchota maharage ya familia, kikombe kwa kikombe, nikabadilishane na sigara. Mke wangu aliona, akanyamaza. Leo nasema wazi kwa sababu najua siko peke yangu.

Kilichonigutusha ni mjukuu wangu, mtoto wa miezi minane. Alianza kukohoa, mbavu zinaingia ndani kila akivuta pumzi. Tulimkimbiza kwenye kituo cha afya, akaonekana ana nimonia. Muuguzi alimtibu, kisha akauliza, "Nani anavuta sigara ndani ya hema?" Wote wakaniangalia mimi. Muuguzi hakunigombeza. Aliniambia, "Baba, mapafu ya mtoto huyu ni madogo. Moshi wako anauvuta yeye pia, na hana mahali pa kuukimbilia." Mtoto alipona. Mimi usiku ule sikulala.

Ndugu zangu, kila nikimwambia mtu aache, ananijibu, "Mzee, nimeacha nyumba, nimeacha shamba, nimeacha mtumbwi. Na sigara nayo niiache? Ndiyo inayonipunguzia mawazo." Neno hilo naliheshimu, maana nami nililisema. Lakini sikilizeni nilivyofundishwa.

Ndani ya tumbaku kuna kitu kinaitwa nikotini. Ukivuta, kinafika kwenye ubongo kwa sekunde chache, na unatulia. Baada ya muda kinapungua, na mwili unaanza kukidai: hasira inapanda, mikono haitulii, huwezi kukaa. Unavuta tena, unatulia. Unasema sigara imekuondolea mawazo. Kumbe imetuliza kiu iliyoileta yenyewe. Kule nyumbani hali ni ile ile, watoto bado hawajui shule watasoma wapi, na chakula cha mwezi hakijaongezeka. Watafiti waliolinganisha walioacha na wanaoendelea kuvuta waliona kwamba walioacha, baada ya wiki kadhaa, wasiwasi na huzuni zao zilipungua.

Wengine wanasema, "Nimepona risasi, sigara itanifanya nini?" Shirika la Afya Duniani linasema tumbaku inaua watu zaidi ya milioni 7 kila mwaka, na ndani yao milioni 1.6 hivi hawakuvuta. Walivuta moshi wa wenzao. Huko Uingereza, kuanzia mwaka 1951, watafiti waliwafuatilia madaktari wanaume zaidi ya 34,000 kwa miaka 50. Walioendelea kuvuta walikufa mapema kwa miaka kama 10 kuliko wasiovuta. Lakini walioacha walirudishiwa miaka. Aliyeacha akiwa na miaka 60 alipata kama miaka 3 zaidi. Akiwa na 50, miaka 6. Akiwa na 40, miaka 9. Aliyeacha akiwa na 30 aliokoa karibu miaka yote 10. Kwa hiyo, wazee wenzangu, msiseme tumechelewa. Na ninyi vijana, ninyi ndio wenye faida kubwa kuliko sisi.

Mwili nao haukawii. Dakika 20 baada ya sigara ya mwisho, mapigo ya moyo yanaanza kushuka. Ndani ya siku moja, ile hewa ya sumu inayotoka kwenye moshi inapungua katika damu. Baada ya wiki na miezi michache unapanda mlima bila kuhema sana. Baada ya mwaka mmoja, hatari ya ugonjwa wa moyo inapungua karibu nusu ukilinganisha na anayevuta.

Sisi tunaoishi tumebanana tuna sababu nyingine: kifua kikuu. Anayevuta yuko katika hatari kubwa zaidi ya kuupata ugonjwa huo, na hatari zaidi ya kufa nao. Ukikohoa kwa wiki mbili au zaidi, usiseme "ni sigara tu". Nenda kituo cha afya wakupime makohozi. Dawa za kifua kikuu ni za bure, na ukizimaliza zote unapona.

Mama zetu na bibi zetu wanaotumia kiko au ugoro, nanyi nawaomba. Kiko ni moshi ule ule. Ugoro hauna moshi, lakini una nikotini ile ile inayokufunga. Na tumbaku ya kutafuna inaleta saratani ya kinywa.

Sasa, kuacha kunafanyikaje hapa, ambako hatuna dawa za kutusaidia kuacha? Nawaambia nilivyofanya mimi.

Kwanza nilichagua siku, nikaitangaza kwa mke wangu, watoto na majirani. Nilimwomba hata kijana anayeniuzia sigara moja moja: "Nikija, ninyime." Alicheka, lakini alininyima.

Pili, nilijifunza kwamba hamu ya sigara ni kama wimbi la ziwani. Inapanda, inakaa dakika chache, inashuka, uvute usivute. Ikipanda, fanya mambo manne. Subiri. Vuta pumzi ndefu taratibu, mara kumi. Kunywa maji. Shika kazi: chota maji, tengeneza kamba ya hema, nenda ukamsalimie jirani.

Tatu, jua siku zako mbaya. Siku tatu za kwanza ni ngumu sana. Unakuwa mkali, usingizi unakataa, kichwa kinauma. Ni mwili unaojisafisha. Baada ya wiki mbili hadi nne inapungua. Ninyi wenye nyumba, mkiona baba amekuwa mkali siku hizo, mvumilieni.

Nne, jiepushe na kinachoiita sigara. Kwangu ilikuwa pombe na wale tuliokaa nao jioni. Kanyanga ikishuka tu, mkono unatafuta sigara. Niliacha kukaa pale.

Siwadanganyi, nilianguka. Siku ya kumi na moja nilipata habari ya msiba kutoka nyumbani, nikavuta mbili. Asubuhi nilimwambia mke wangu ukweli, nikaanza upya. Kuanguka mara moja si kushindwa. Watu wengi wanajaribu mara kadhaa kabla hawajaacha kabisa.

Na wewe ambaye bado hujaweza, fanya jambo moja leo hii: toka nje ya hema, nenda mbali na watoto na mama wajawazito. Usivute kamwe ukiwa umelala. Cheche moja inaweza kuteketeza mahema ya watu. Mama anayepika, kama inawezekana, apikie nje. Moshi wa kuni nao unaumiza kifua cha mtoto.

La mwisho ni hesabu. Sigara tano kwa siku ni 150 kwa mwezi, ni 1,825 kwa mwaka. Zidisha kwa bei unayonunulia wewe. Mimi nilipopiga hesabu hiyo nilinyamaza. Sasa fedha hiyo inanunua ndagala na sabuni, na mara moja moja mke wangu anapika kwa mawese. Tuliletwa hai na maji ya ziwa hili. Mimi nataka kumwona mjukuu wangu akienda shule. Asanteni.

MTANGAZAJI: Asante sana, mzee wetu. Wasikilizaji, mkiwa katika vikundi vyenu, zungumzeni haya:

1. Ni wakati gani wa siku hamu ya sigara inawashika zaidi watu hapa, na wangefanya nini badala yake?
2. Familia inawezaje kumsaidia anayeacha bila kumwaibisha?
3. Katika mtaa wenu, tunaweza kukubaliana wapi sigara isivutwe?

Ukihitaji ushauri, muone mhamasishaji wa afya au muuguzi wa kituo kilicho karibu nawe. Tukutane katika kipindi kijacho.

(Muziki wa kipindi unapanda, unaisha.)