Kwa Nini Tulibadilisha Ruta ya Ofisi
(Maelezo yaliyotolewa Dodoma kwenye mkutano wa kamati za parokia)

Mmetuuliza kwa nini tulinunua ruta mpya wakati ile ya zamani ilikuwa bado inawaka. Swali hilo ni haki yenu, maana fedha ni zenu.

Hali ilikuwa hivi. Neno la siri la mtandao wetu usiotumia waya lilikuwa mbukwa123, nalo tulilibandika mlangoni ili wageni wa semina wasisumbuke. Salamu hiyo Ugogoni nani asiyeijua? Haikupita muda vijana wakawa wanakaa jioni chini ya mwarobaini nje ya uzio, simu mkononi. Hatukuwalaumu. Ila mwisho wa robo mwaka bando likaisha kabla hatujatuma ripoti. Tukamwita fundi, naye akatuonyesha jambo zito zaidi: folda yenye majina ya yatima na ya wagonjwa tunaowatembelea majumbani ilifunguka kwa yeyote aliyekwisha kuingia kwenye mtandao. Kijijini, siri ya mgonjwa ikitoka hairudi.

Tuliifunga folda siku ile ile. Kisha tukaigeukia ruta. Ilikuwa na ulinzi wa aina mbili tu, WEP na WPA ya kwanza. WEP ilivunjwa mwaka 2001, watafiti walipoonyesha kwamba ufunguo wake hupatikana kwa kusikiliza tu mawimbi. WPA ilitoka mwaka 2003 kama kiraka. WPA2, yenye usimbaji wa AES, ilikuja mwaka 2004, na WPA3 mwaka 2018. Tofauti yao ni hii: kwenye WPA2, mtu anaweza kunasa mawasiliano ya kuingia, akaenda nayo nyumbani, na kompyuta yake ikabahatisha maneno usiku kucha. WPA3 huzuia ubahatishaji wa namna hiyo. Hivyo tumechagua WPA3, na WPA2 yenye AES kwa vifaa vya zamani.

Mjumbe mmoja alishauri tufiche jina la mtandao. Haisaidii, kwani vifaa vyenyewe hulitaja jina hilo hewani vinapojiunga. Kilichosaidia ni kutenga mtandao wa wageni, usiofika kwenye kompyuta za ofisi, na kuchagua neno la siri refu: maneno manne yasiyohusiana, mfano mtama, kengele, ukwaju, daraja. (Hayo msiyatumie, tumekwisha kuyataja.) Neno la kuingilia kwenye mipangilio ya ruta ni jingine kabisa, na wanalijua watu wawili tu.

Wako waliosema huu ni woga wa watu wa mjini. Lakini Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inamtaka anayetunza taarifa za watu azilinde, na haibagui ofisi ndogo. Wale wagonjwa nao hawakutupa majina yao ili yasomwe chini ya mwarobaini.

Limebaki tatizo moja. Kompyuta ya mhasibu, ambayo ni ya msaada na ya siku nyingi, haielewi hata WPA2. Kuna aliyeomba turudishe WEP kwa ajili yake. Tumekataa, tukamnunulia waya wa mita 10.