Kifaa cha Kuhesabu Hatua za Wazee: Tuulize Kwanza

(Hotuba kwa vikundi vya kujisaidia, Kitengela na Kajiado)



Nimeombwa niseme juu ya vile vifaa vya kuhesabu hatua, vinavyovaliwa mkononi kama saa. Vijana walio Nairobi wanawanunulia wazazi wao. Si jambo baya. Zamani mzee wa Kajiado hakuhitaji kuhimizwa kutembea, ng'ombe walimhimiza. Lakini ranchi za pamoja zimegawanywa, ploti za Kitengela zimezungushiwa ua, na yule aliyetembea tangu alfajiri sasa anakaa kitini langoni. Presha inapanda, magoti yanakauka.

Kifaa chenyewe hakioni hatua. Kinasikia mtikiso wa mkono, halafu kinakisia. Sasa mtazameni nyanya anayekwenda polepole na fimbo. Mkono ulioshika fimbo hautikisiki sana, kwa hiyo anaweza kufika sokoni na kurudi, kifaa kikaandika kuwa amekaa tu. Jamani, mtu huyo ukimwambia ni mvivu, si atakitupa? Mwenye fimbo afadhali akifunge kwenye kifundo cha mguu.

Tena kuna ile hesabu ya hatua 10,000. Haikutoka kwa daktari. Mwaka 1965 kampuni moja ya Japani iliuza kipima-hatua chenye jina la maana ya "kipimo cha hatua elfu kumi", na jina likageuka sheria. Mwaka 2019 watafiti wa Marekani walichapisha habari za wanawake wazee zaidi ya 16,000, wastani wa miaka 72. Waliotembea hatua kama 4,400 kwa siku walikufa wachache kuliko wale wa 2,700 hivi, na kupita 7,500 faida haikuongezeka. Basi kifaa kinachotaka 10,000 kwa mzee wa miaka 80 kinamdai deni asilokopa.

Lililo zito zaidi ni hili: hesabu inakwenda kwa nani? Binti aliye mbali anaweza kuona kwenye simu kuwa mama hajatoka nje leo. Inasaidia, labda mama ameanguka. Lakini mama mwenyewe akubali kwanza, na aelezwe kwa Kimaasai kama ndiyo lugha yake. Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 inampa haki ya kujua habari zake zinatumiwa vipi. Kikundi kikiletewa vifaa vya majaribio, msiweke kidole gumba kwenye karatasi kabla ya kuuliza nani ataona, na boma lisilo na stima litachaji wapi.

Mkingoja, kuna njia ya kopo. Kila mzee akienda mpaka langoni na kurudi, atie punje moja ya mahindi. Jioni ahesabu mwenyewe. Baada ya mwezi mtaweza kumwambia fundi yeyote mnataka kifaa gani: nambari kubwa, chaji ya wiki nzima, na kisichokaripia watu wazima.

Sasa maswali. Mama pale nyuma ameinua mkono kitambo.