MBWA NA WAJIBU WA MWENYEWE

Mbwa ni rafiki wa kale wa mwanadamu. Usiku huulinda mji, na mchana hufuatana na mchungaji malishoni. Lakini mbwa huyo huyo, akiachwa azurure bila mwangalizi, aweza kuleta msiba katika nyumba ya jirani asiye na kosa. Ndiyo sababu sheria haimwulizi mbwa, humwuliza mwenyewe.

Kichaa cha mbwa kilithibitishwa nchini Kenya kwa mara ya kwanza mwaka 1912, kwa mbwa wa kando ya Nairobi. Ugonjwa huo ndio uliotungiwa Sheria ya Kichaa cha Mbwa, Sura ya 365. Tena Sheria ya Adhabu, Sura ya 63, yamhesabu kuwa mkosaji mtu asiyechukua hadhari juu ya mnyama wake awezaye kudhuru watu. Nayo Katiba ya mwaka 2010 imezikabidhi serikali za kaunti kazi ya kutoa leseni za mbwa. Basi kila mwenye mbwa yampasa kuuliza katika ofisi ya kaunti yake ni masharti gani yatumikayo hapo.

Wako wasemao, "Mbwa wangu ni mpole, kwa nini nimfunge?" Upole si kinga. Mbwa mpole akiumwa na mwenye kichaa, ugonjwa hupanda polepole kwa njia ya mishipa ya fahamu hata ubongoni, kisha hutoka katika mate. Mtu akisha kuonyesha dalili zake, ni nadra sana kupona. Na katika kila watu 100 waumwao na wanyama wanaoshukiwa kuwa na kichaa, kadiri ya 40 ni watoto wasiotimia miaka 15.

Wajibu wa mwenye mbwa ni huu. Ampeleke achanjwe kila mwaka. Mbwa 70 katika kila 100 wakichanjwa, ugonjwa hukosa njia ya kuenea. Amfunge au amweke ndani ya ua. Asitupe watoto wa mbwa njiani, maana hao ndio mbwa koko wa kesho.

Mbwa akimwuma mtu, jeraha lioshwe mara moja kwa maji mengi na sabuni kwa muda wa dakika 15, na aliyeumwa apelekwe hospitali siku ile ile akadungwe sindano. Mbwa naye afungwe mahali salama, aangaliwe siku 10, na daktari wa mifugo apewe habari. Lakini aliyeumwa asingojee siku hizo kwisha ndipo atibiwe.

Hapa ndipo wengi hukosea. Mwenye mbwa huogopa kulipa gharama, akamkana mbwa wake, au akamwua usiku na kumzika kwa siri. Mtu huyo hakuokoa fedha. Amemnyima daktari habari ambayo ingemwongoza, na amemwacha mtoto wa jirani akihesabu siku asizozijua mwisho wake. Gharama ya sindano hulipika, uhai haulipiki.

Wazee walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Afugaye mbwa na amfuge kwa heshima: amlishe, amchanje, amfunge, na siku ya ajali aseme mbele ya watu, "Huyu ni wangu."