Miti ya Sitara Nyuma ya Nyumba huko Leparua



Kila mwenye nyumba astahili sitara. Mama apikaye uani, mzee apumzikaye kivulini na msichana aogaye nyuma ya nyumba, wote wahitaji mahali ambapo macho ya wapita njia hayafiki. Mazungumzo haya ni juu ya miti ifaayo kwa kazi hiyo huko Leparua, katika Kaunti ya Isiolo, penye jua kali, mvua haba na mbuzi wengi.

Desturi ya wafugaji wa upande huo ni kuzungusha boma kwa matawi ya miiba yaliyokatwa, kama yale ya kikwata. Boma hilo huzuia fisi, lakini sitara yake ni ndogo, na mchwa wakishalila hapana budi miti mingine ikatwe. Ua wa miti hai hupandwa mara moja tu, nao huzidi kuwa imara mwaka hata mwaka.

Jambo la kwanza la kufikiriwa ni majani. Katika nchi za baridi, kama Uingereza, miti mingi hupukutisha majani baridi inapokuja. Kwa hiyo mtu atakaye sitara huko huchagua mti ukaao kijani mwaka mzima. Leparua hakuna theluji, lakini kiangazi hufanya kazi ile ile. Mbambara huota kwa urahisi kutokana na fimbo iliyochomekwa ardhini, ila wakati wa kiangazi hubaki matawi matupu. Mswaki haubaki mtupu, na matawi yake hushuka hadi chini. Lakini hukua polepole, nao hupenda mahali ambapo maji hayako mbali chini ya ardhi, kama kando ya mito ya mchanga. Mnyaa una vijiti vya kijani daima, huvumilia ukame, na mifugo huuepuka. Lakini utomvu wake ukiingia jichoni huleta maumivu makali, na waweza hata kupofusha.

Basi yafaa miti hiyo isaidiane. Mbambara uwe mstari wa nje, mswaki uwe wa ndani, na mnyaa uwekwe upande ule tu ambao watoto hawachezi. Fimbo za mbambara zikatwe kabla ya mvua, zikiwa hazina majani, ziachwe kivulini siku chache hadi jeraha likauke, kisha zichimbiwe karibu karibu. Miche ya mswaki izungushiwe miiba, kwa maana mbuzi na ngamia huipenda sana.

Jambo la pili ni kubwa kuliko la kwanza: je, mti huo utakaa pale ulipopandwa? Mathenge ulipelekwa Baringo katika miaka ya 1980 ili kuzuia mchanga na kuwapa watu kuni. Hustawi upesi na hukaa kijani hata wakati wa ukame, sifa ambazo kila mwenye kutaka ua angezipenda. Lakini mbuzi walikula maganda yake matamu na kutawanya mbegu kwa mavi yao, mti ukafunga malisho, na utamu ule ukaharibu meno ya mbuzi. Mwaka 2006 wakazi wa huko walipeleka kesi mahakamani Nairobi, wakamleta na mbuzi asiye na meno awe ushahidi. Mwaka 2008 serikali iliutangaza mti huo kuwa magugu yenye madhara.

Jirani wa Isiolo, yaani Laikipia, wana msiba wao. Mpungate, ambao watu hupenda kuupanda kuwa ua, umeenea nyikani, kwani ndovu na nyani hula matunda na kuzipeleka mbegu mbali. Miiba yake midogo huchoma midomo na matumbo ya mifugo.

Kwa hiyo mtu akipewa mche wa mti mgeni usifiwao kwa kukua haraka, na aulize kwanza: mbegu zake huchukuliwa na nani, na mbuzi akila hupatwa na nini? Asipopata jibu, heri angoje mswaki wake ukue polepole. Ua mwema humsitiri mwenyewe bila kula malisho ya jirani.