Mto Malagarasi Mwishoni mwa Kiangazi



Nimeombwa niseme machache juu ya uvuvi wa ndoana. Nitasema juu ya Malagarasi, mto upitao kati ya Kasulu na Kibondo, na hali yake ya Agosti na Septemba.

Wavuvi wa Ulaya humsifu sana samaki aitwaye trauti, ambaye mwaka 1905 alipandikizwa katika mito ya milima ya Kenya. Hapa kwetu hawezi kustawi, kwa kuwa ahitaji maji ya baridi. Maji ya baridi hubeba oksijeni nyingi. Yakipata joto huipoteza. Kanuni hiyo yatuhusu na sisi.

Kiangazi kikikolea, mto hupungua. Maji huwa maangavu na ya vuguvugu, na samaki hukusanyika katika vilindi vichache vilivyosalia. Mvuvi wa ndoana hana budi kwenda alfajiri au jioni, maji yakiwa yamepoa, akae mbali na ukingo, wala kivuli chake kisianguke majini. Mimi hutumia nyungunyungu na mshipi mwembamba.

Lakini wepesi huo wa kuwaona samaki ndio hatari yenyewe. Wako watu wanaotwanga utupa na kuumwaga kilindini, au kukokota chandarua tangu ukingo huu hadi ule. Kwa saa moja kilindi huwa kitupu, mkubwa kwa mdogo. Sheria ya Uvuvi ya mwaka 2003 yakataza sumu. Lakini askari hawezi kulinda kila kilindi.

Msidanganywe na kambale. Yeye ana kiungo cha kuvutia hewa ya juu, hivyo huishi hata katika tope. Kumwona hai si ushahidi kwamba mto una afya. Mtazameni perege, ambaye jike lake hulea mayai kinywani: ukimvua huyo, umevua na watoto wake.

Mvua za kwanza zikinyesha, kambale hupanda na mafuriko kwenda kutaga penye majani. Wapandao ni wale walionusurika vilindini. Basi kilindi cha Septemba ni ghala ya mbegu, na mkulima hali mbegu yake yote.

Najua kwamba miezi hiyo kitoweo ni haba, na mwenye njaa haambiwi angoje masika. Simwambii asivue. Nasema avue kwa ndoana, achukue wa kumtosha mchana huo, na kila kijiji kichague kilindi kimoja kisichoguswa hadi mvua.

Mwaka 2000 ardhi oevu ya Malagarasi-Muyovozi ilikuwa ya kwanza ya Tanzania kuingizwa katika Mkataba wa Ramsar. Dunia imeitambua thamani yake. Vijana, sisi wa huku juu tusiwe wa mwisho kuitambua.