UGONJWA WA SUKARI NA MTAA WETU
(Mazungumzo na wamama wa kliniki, Ndosho)

Mwenye mtoto analia amunyonyeshe tu, hatutakawia.

Leo tunasema juu ya ugonjwa wa sukari, ule waganga wanaita diabeti. Wengi wanasema, "Ile ni ugonjwa ya matajiri." Hapana! Tazameni mtaa wetu. Tumejenga juu ya mawe ya volkano. Jembe haliingii, basi mboga inatoka mbali na bei inapanda. Kitu cha bei nafuu karibu na mlango ni mandazi na chai yenye sukari nyingi. Tumbo linajaa, lakini mwili haukupata chakula kizuri.

Wala si kwetu tu. Huko Marekani, kati ya mwaka 1994 na 1998, wamama wa mitaa maskini walipigiwa kura. Wengine wakapewa msaada wa kuhamia mitaa yenye hali nzuri zaidi. Kisha miaka 10 na zaidi, waganga waliwapima. Kati ya wale waliopewa nafasi ya kuhama, ugonjwa wa sukari ulikuwa mdogo zaidi. Mnaona? Mahali tunapokaa kunaingia mwilini.

Lakini sisi hatuwezi kuhama wote. Tufanye nini?

1. Panda lengalenga ndani ya gunia la udongo, hata kama kiwanja ni mawe matupu.

2. Punguza sukari na Fanta. Maharagi na mboga viwe vingi, bugali kidogo.

3. Mwenye ugonjwa asitembee miguu mitupu. Ugonjwa huu unaua hisia ya miguu. Jiwe linamkata, hasikii. Kidonda kinaoza, na mwisho mguu unakatwa. Kila jioni aoshe miguu, aipanguse, aitazame hata chini. Akiona kidonda, aje mara moja. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

4. Mama mwenye mimba ya miezi 6 hivi aombe kupimwa sukari, zaidi sana kama alizaa mtoto wa kilo 4 na kupita.

Sasa sikilizeni sana neno hili. Mtoto akikunywa maji bila kutosheka, akikojoa kila saa, akianza tena kukojoa kitandani, akikonda, msiseme ni uchawi. Msingoje kesho. Mleteni siku ile ile apimwe damu. Labda mwili wake umekosa insulini, na bila insulini atakufa. Akipata sindano kila siku, atakua, atasoma, ataoa kama wengine.

Kwa mtu mkubwa, sukari ya asubuhi kabla ya kula ikifika 126 ao kupita, tunapima tena ili kuhakikisha. Mwenye dawa asiache dawa kwa sababu anajisikia vizuri. Anajisikia vizuri kwa sababu ya dawa.

Mama, ukirudi nyumbani, waambie jirani wawili maneno haya. Mtaa ni sisi.