Chupa gani tuweke kwenye depo yetu?

Maneno yaliyosemwa mbele ya mkutano mkuu wa wanachama



Komite iliniomba niseme juu ya vinyo kwa sababu wakati wa ukimbizi nilihudumu mezani miaka mingi kule Cape Town. Munajua jambo lililotuleta hapa. Mwaka jana tulitoa pesa katika sanduku la ugonjwa, tukanunua katoni za vinyo ya kuuza kwenye depo. Kumbe ilikuwa maji, sukari, rangi na alkoli. Watu walionja mara moja, hawakurudi. Na ile pesa ilikuwa ya dawa. Njo maana mara hii tuchague kwa macho wazi.

Kwanza, musome karatasi ya chupa. Vinyo ya kweli ni maji ya zabibu yaliyochachuka, basi. Mutafute jina la inchi, jina la zabibu na mwaka. Alkoli yake mara nyingi ni kati ya 11 na 15 kwa mia. Kama karatasi inasema tu kinywaji chenye ladha ya zabibu, muache.

Sasa chupa ninazopenda.

Ya kwanza ni Pinotage ya Afrika ya Kusini. Ni nyekundu, nzito, inaendana na nyama ya kuchoma. Zabibu hiyo ilizaliwa Stellenbosch mwaka 1925, mwalimu Abraham Perold alipochanganya Pinot Noir na Cinsaut. Karibu na hapo kuna Franschhoek, bonde ambalo Waprotestanti wa Ufaransa walipewa mashamba baada ya kufika mwaka 1688. Walikuwa wakimbizi kama sisi, walifukuzwa kwao kwa ajili ya dini.

Ya pili ni Malbec ya Argentina. Mzabibu huu ni wa Ufaransa, upande wa Cahors, lakini ulipelekwa Mendoza katika karne ya 19 na huko njo ulipata jina kubwa. Ni laini, hata mtu asiyezoea vinyo ataipenda.

Ya tatu ni Carménère ya Chile. Hii nayo ilitoka Ufaransa, Bordeaux. Kadudu kanachokula mizizi kaliharibu mashamba ya kule, watu wakafikiri mzabibu huu umekwisha kabisa. Kumbe miche yake ilikuwa imeshavuka bahari, ikawa inaishi Chile ikiitwa Merlot. Mwaka 1994 mtaalamu Jean-Michel Boursiquot alitazama mzabibu huo, akasema: huyu si Merlot. Wangapi kati yetu tuliishi ukimbizini kwa jina la mwingine?

Ya nne, ya Georgia. Wanatengeneza vinyo tangu miaka 8,000 hivi, na mpaka leo wanaiweka katika mitungi mikubwa ya udongo iliyozikwa chini. Hiyo ni ya kujua tu, bei yake si yetu.

Ya mwisho, ya Dodoma. Ninyi muliokaa makambi ya Kigoma mulisikia habari zake. Pale zabibu huvunwa mara mbili kwa mwaka. Ni jirani, tusiidharau.

Kuhusu kutunza: chupa zikae mahali pa giza na baridi, mbali na bati la jua. Ikifunguliwa, iishe kwa siku tatu, isipokuwa siki.

Asubuhi mama mmoja aliuliza: pombe imevunja nyumba zetu ngapi, na chama kiiuze? Mama, swali lako ni la haki, na mimi siwezi kulifunga kwa maneno. Naomba tu hivi: tuanze na chupa 12, sita za Pinotage na sita za Malbec. Hakuna kuuza kwa deni. Hakuna kumuuzia mtoto. Mwanachama asiyetaka kugusa pombe kwa ajili ya imani yake asipangwe zamu ya depo. Kila Posho tuhesabu chupa na pesa mbele ya watu. Kama miezi miwili inapita na sanduku la ugonjwa halijapata pesa yake, tufunge jambo hili, na mimi wa kwanza nitanyoosha mkono.

Uamuzi ni wenu.